Fremu ya Sitini na Moja

Mchana, hospitalini Moroto, nawaambia watu:
vuta pumzi, ibane, usitikisike,
na mbavu zao hutulia, nikazihesabu moja moja.
Usiku naiambia dunia vivyo hivyo
na dunia haisikii.

Inazunguka tu. Ndiyo maana ya mota, gia, betri ya sola
iliyopanda nami lori la chumvi kutoka Soroti,
mitambo yote hii ya kuifuata mbingu polepole
ili nyota ibaki nukta, isiwe mkwaruzo.
Kitabu cha maelekezo kinasema: lenga nyota ya kaskazini.
Aliyekiandika hakuishi karibu na ikweta.
Huku kwetu nyota hiyo imelala chini kabisa,
imejifunika vumbi la Februari na moshi wa nyasi;
miaka minne sijaiona hata mara moja.
Nakisia. Nasogeza skrubu kwa unywele. Nakisia tena.

Saa tisa na robo, juu ya mlima Kadam,
Omega Kentauri.
Kwa macho matupu ni nyota moja iliyochafuka,
kama mtu kaipangusa kwa kidole chenye samli.
Kishada tufe, mamilioni ndani yake.
Sekunde thelathini. Mbuzi wa jirani anakohoa.
Sekunde thelathini.
Sekunde thelathini.

Taa yangu nyekundu ndiyo iliyomleta Koplo Olweny.
"Nani hapo?"
"Nakut, wa eksirei."
"Unampiga picha nani saa hizi?"
"Wale."
Akamulika tochi juu, kama atafutaye mwizi darini,
kisha akanimulika mimi, kisha lenzi.
Nikamgeuzia skrini.

Akatazama muda mrefu, bunduki mgongoni.
"Zimebanana," akasema, "kama sisi kambini Pabo.
Ukifungua mlango, unagonga ukuta wa mwenzio.
Mama akikaanga, nyumba sita zinapiga chafya."
Halafu: "Hizi nazo, nani alizifukuza kwao?"
Hakuna, afande. Zinavutana zenyewe.
"Zenyewe," akasema.
Hakuniambia kama ameamini.
Akashuka kuelekea kizuizini, tochi ameizima,
akijikwaa mawe kwa ajili yangu.

Kabla ya alfajiri nikafunika lenzi, nikapiga giza:
fremu ishirini za giza tupu, kwa baridi ileile,
nijue kamera inaota nini isipoona kitu,
ili ndoto zake nizitoe baadaye.
Kulipopambazuka nikaivisha fulana nyeupe,
nikapiga weupe wa anga, nipate vumbi la kioo.
Kisha chai. Kisha zamu: mtoto, mkono, mbuyuni alianguka.

Wiki mbili za umeme wa kuja na kwenda.
Fremu moja peke yake ni aibu, chengachenga,
unga uliomwagika sakafuni gizani.
Lakini zilaze moja juu ya nyingine, na kelele
zinaanza kuumbuana, kila moja na uongo wake,
na kilicho kweli kinarudi palepale.
Ukiuvuta mwanga kwa pupa, kitovu kinaungua,
kinabaki yai jeupe lisilo na mtu ndani.
Ukiogopa, wa pembeni wanakufa.
Nimelivunja yai hilo mara tisa.
Mwishowe nikaazima kitovu kwenye fremu fupi, za sekunde tano,
na zikatokea: majitu mekundu yaliyochoka,
na buluu chache, kongwe kama wenzao,
zinazojifanya vijana.

Programu imepokea mia moja na ishirini, imekataa moja.
Sitini na moja. Sababu: nyota sifuri.
Nimeifungua. Mwanga mtupu, mweupe wa tochi,
na kwenye kona, nje ya fokasi,
kidole gumba na kifungo cha mkono wa sare.

Nimeiandika jina, tarehe, na upande: kushoto,
kama tunavyoandika picha zote.