Mkono wa Kulia

Babu Seok-gyu alitupangia meza kwa mdomo
kama karani anayehesabu noti za serikali:
wali kushoto, mchuzi kulia,
kijiko kulia kwa mchuzi, vijiti kulia kwa kijiko,
na figili iliyochachushwa katikati, ambako kila mkono unafika
lakini hakuna mkono unaoruhusiwa kuchagua.

Kijiko kilikuwa cha shaba. Vyote vilikuwa vya shaba,
urithi wa nyumba hii ya Andong, na kila mkesha wa sikukuu
bibi alivisugua kwa majivu ya mabua ya mpunga
mpaka akajiona ndani yake: uso mpana, hana shingo.

Usiinue bakuli, wewe si ombaomba.
Usichimbue wali kama mtu aliyepoteza pete.
Ukimiminiwa, pokea kwa mikono miwili;
ukinywa mbele ya mkubwa, geuzia uso ukutani.
Usishike kijiko kabla yake. Usimalize kabla yake.
Ukishiba mapema, kiache kijiko ndani ya mchuzi,
ujifanye bado mna mazungumzo.
Na kamwe usikisimamishe ndani ya wali.
"Hivyo hulishwa wafu," alisema,
nami, wa miaka sita, nikakilaza upesi
nikauomba wali radhi.

Mimi ni mashoto.
"Mkono wa kulia ni wa kulia. Neno limeshasema."
Kila mlo alinyoosha mkono juu ya sahani tisa
bila kugusa hata moja, akahamisha kijiko changu.
Hakukaripia. Alihamisha tu,
kama mtu anayerudisha ufunguo kwenye msumari wake.
Wali ulinimwagikia magotini mpaka darasa la nne.

Bibi alikula jikoni, kwenye sinia la miguu mifupi,
baada yetu, mgongo wake mlangoni.
Hakuna aliyejua anashikaje kijiko.

Babu alikufa mwezi wa pili, maji yakiwa yameganda bombani.
Mwaka ulipotimia tukampangia meza usiku:
vibua wa chumvi, pea zilizokatwa utosi,
wali uliorundikwa hadi juu ya ukingo.
Baba akachukua kijiko cha shaba
akakisimamisha wima katikati ya wali.
Kikasimama.
Tukatoka, tukafunga mlango, tukangoja ale.
Shangazi Bun-nyeo akanong'ona ukumbini:
"Mchuzi umepungua chumvi. Atasema."
Hakusema.

Kisha ikawa zamu yetu, sisi tuliobaki.
Watu kumi na mmoja, mabakuli yakifuka mvuke,
na hakuna wa kuanza.
Baba akamtazama ami Cheol-ung. Ami akaitazama figili.
Binamu aliyetoka Incheon akafungua kifungo cha shati, akakifunga tena.
Adabu yote tuliyofunzwa ilikuwa ya kufuata;
kutangulia hatukufundishwa.

Bibi akaingia na birika, akakuta kimya.
Akadhani kuna alichosahau. Akahesabu kwa kidole:
wali, mchuzi, kijiko, vijiti.
Kidole kikasimama hewani.
Akafuta mikono kwenye aproni, taratibu,
akaketi palipokuwa wazi,
akainua bakuli — akaliinua! — kwa viganja viwili,
akanywa mchuzi, koo ikipanda na kushuka,
kwa sauti.

"Unapoa," akasema.

Tukashika vijiko kwa pamoja, kama darasa.
Changu hakikuwepo nilipokitafuta.
Mkono wenye harufu ya vibua ulikwisha kupita
juu ya sahani tisa, ukagusa mbili tatu, ukamwaga siki kidogo,
na kijiko kilikuwa upande wa pili wa wali, kikingoja.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja.
Nilikula polepole, macho yangu bakulini.
Usiku ule mkono wa kushoto
ndio uliokuwa wa kulia.