Dakika Kumi na Moja za Veijo

Saa moja asubuhi, Oulu, bado giza.
Marjukka anakwangua barafu kwenye kioo cha gari
kwa kadi ya maktaba,
na mfukoni kifaa kinatetemeka:
Veijo. Insulini na soksi. Dakika kumi na moja.

Miaka ishirini na tatu muuguzi wa majumbani.
Zamani alikuwa na daftari la jalada la bluu,
kalamu iliyofungwa uzi,
na kichwa kilichojua nani huogopa sindano,
nani husema hajambo kumbe hajala tangu juzi.
Sasa ana nywila saba.
Moja hubadilika kila mwezi, nyingine humkataa
kama mlinzi mgeni asiyemjua mwenye nyumba.

Anagusa FUNGUA ZIARA. Duara linazunguka.
Linazunguka.
Veijo ameshanyoosha mguu, kidole gumba kimepiga zambarau,
naye Marjukka analitazama duara.

Wiki jana, kwa kukimbizana na duara hilohilo,
aliandika dozi ya Veijo kwenye jina la Sirkka.
Akashtuka njiani, akampigia mwenzake wa jioni;
sindano ilikwisha vuliwa kifuniko.
Yeye, ambaye wanafunzi waliletwa kuitazama mikono yake!
Ripoti ikasema: umakini umeshuka, apewe mafunzo ya mfumo.
Mafunzo yakaja.
Ndani ya kifaa.

Usiku, katika gauni la kulalia lisilo na mfuko,
bado husikia mfuko ukitetemeka.

Leo ni nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri.
Nyumba ya tatu, ngazini, kifaa kinazimika.
Anakitikisa, anakipulizia pumzi,
kisha anakisokomeza ndani ya glavu na kubisha mlango.

Sirkka ana kidonda kisiginoni. Marjukka anakiosha,
anakinusa
(naam, anakinusa; kwenye mfumo hakuna kisanduku cha pua)
na anajua kabla ya jicho kujua
kwamba chini ya ngozi usaha umeanza.
"Leo umekuja na mikono yako," asema Sirkka.
Hamjibu. Anahesabu mapigo
kwa saa ya ukutani, ile ya kutikatika.

Saa sita, garini, kifaa kinapata joto, kinaamka:
notisi thelathini na moja, zote nyekundu.
Umechelewa. Umechelewa. Uko wapi?
Chagua sababu: foleni, hali ya hewa, mengineyo.

Anagusa mengineyo.
Kisanduku kinapokea herufi ishirini tu.
Anavua glavu, anaandika:
Nilikuwa kazini.