Kijino cha Kaseti

Jumamosi usiku, saa nne na nusu,
mtangazaji alisafisha koo, akasema:
wasikilizaji, wekeni kaseti zenu tayari.
Nasi watoto wa Novi Sad tukapiga magoti mbele ya redio
kama wanaongoja kubarikiwa.

Hakufuata mwimbaji.
Kilifuata kilio cha chuma kinachoumwa meno,
kriii, kraaa, kriii,
dakika tatu nzima.
Bibi Desanka akaacha kumenya viazi, akapiga ishara ya msalaba.
"Mzimeni huyo," akasema, "kabla hajaita wenzake."

Bibi hakujua kwamba ndani ya kelele ile
mlikuwa na mchezo mzima, ngazi, funguo, popo watatu,
na kwamba kompyuta ya Zdravko, mtoto wa daktari wa meno,
ikiimeza itatema picha.

Ni mwaka ule kaka yangu Tihomir alisimamisha nywele
kwa maji ya sukari, nyuki wakamfuata hadi shuleni.
Bendi za gereji ziliuza magita
zikanunua vinanda vya umeme, vyembamba kama ubao wa kupigia pasi.
Ngoma nayo ikawa kasha,
kasha lisilotoka jasho, lisilokopa bia.
Strahinja, mpiga ngoma wao, wakampa kazi ya mlangoni.
Alikata tikiti kwa mikono
huku mguu wake wa kulia ukikanyaga
ngoma ambayo haikuwapo.

Mimi sikuwa na kaseti.
Sema kweli, Ljubinka:
ilikuwapo moja, juu ya kabati,
yenye mwandiko wa Baba: *Stuttgart. Msifute.*

Baba alikuwa Ujerumani akikaza nati za magari ya watu.
Upande wa kwanza alipiga kodiani,
upande wa pili alituuliza maswali
kisha akanyamaza kidogo, kana kwamba tunajibu.
Kijino cha kaseti alikwisha kukivunja.
Kaseti iliyong'olewa kijino haimezi sauti nyingine,
ndivyo walivyoiumba.

Lakini nani hakujua dawa yake?
Karatasi ya chingamu, ikunje mara nne,
iziba pengo.
Nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja.
Kidole changu nakikumbuka, kilikuwa na wino.

Mchezo haukufunguka.
Zdravko alijaribu mara tisa, skrini ikaandika KOSA,
akanirudishia kaseti kwa ncha za vidole
kama mtu anayerudisha jino.

Na Baba hakutuma nyingine.
Tulikuja kusikia ana nyumba huko, na mke, na mtoto anayejifunza filimbi.

Nilichobakiza ni sekunde nne, mwishoni kabisa,
pale kelele ilipoishia na Baba alikuwa hajaisha:
kodiani inafungwa,
hewa inatoka bila noti.
Basi.

Mwaka wa themanini na tisa Tihomir alileta kasha jipya,
la kunasa sauti. Ulitaka mbwa, ulitaka mlango,
ulilipa sekunde moja, likaieneza kwenye vitufe vyote.
Nikampa zile nne. Sikumwambia nilizipataje; hakuuliza.
Usiku kucha alimpandisha Baba na kumshusha,
Baba mwembamba, Baba mnene,
Baba akihema mara mia na ishirini kwa dakika.
Ukumbi wa reli ulijaa watu wakaucheza mpaka madirisha yakalia machozi,
na mlangoni Strahinja, tikiti mkononi,
mguu wake ulikosea kwa mara ya kwanza.

Asubuhi Tihomir aliupiga tena nyumbani, kwa sauti ndogo.
Mama alitoka jikoni, unga hadi kwenye viwiko.
Hakuuliza ni muziki gani huu.
Aliuliza:
"Nani anapumua humu ndani?"