Sifuri, Nane, Nyota Tatu

Wiki ya pili tangu Semkiwa astaafu,
benchi la kliniki ya Makorora likawa wazi.
Nesi Mwanahawa akanipigia:
"Kina mama hawapati meseji. Kadi zina tarehe, watu hawaji.
Hiyo mashine yako imelala?"

Nilikuwa Muheza kwa dada, kompyuta mapajani.
Nikabisha hodi kwa mbali.
Hodi ya kwanza, kimya.
Hodi ya pili: umekataliwa.
Nikaiamuru inieleze kila hatua, isinifiche neno,
ikasema mstari kwa mstari hadi ilipofika penye aibu:
ufunguo wangu niliuacha wazi,
kila apitaye humu aweza kuusoma.
Ufunguo usio na sitara kwake si ufunguo.
Haya. Nikausitiri kwa mia sita:
mwenyewe asome, mwenyewe aandike, wengine wapite.
Hodi ya tatu, karibu.

Ndani nikakuta ratiba, mstari mmoja tu:
sifuri, nane, nyota, nyota, nyota.
Juu yake maelezo: "Saa nane usiku, mtandao mwepesi."
Nikacheka hadi dada akachungulia.
Ewe Semkiwa wa Pongwe,
nane yako mashine haiijui!
Sisi tuna usiku wa manane, yenyewe haina;
haihesabu tangu jua lizame.
Siku yake huzaliwa gizani, saa sita, bila shahidi,
na nane yake ni saa mbili asubuhi,
foleni imeshafika getini.

Nikafuta nane, nikaandika mbili.
Kwa majaribio nikaipangia dakika tano mbele.
Ikaanguka.
Nikiituma kwa mkono, inakwenda.
Ikiamshwa na ratiba, inaanguka.

Ndipo nikaliona sanduku la barua.
Barua elfu nne na kumi na nane,
zote za Semkiwa, hata moja haijafunguliwa,
zote zina kauli ile ile: "tuma", amri haionekani.
Miaka kumi na moja, kila asubuhi,
mashine imemwandikia bwana wake
kwamba imeitwa kazini na njia haijui.
Kwani aamshwaye na ratiba haamki na akili za mchana.
Ukimwambia "nenda dukani" atakuuliza duka gani.
Mpe njia nzima tangu mzizi, mkwaju kwa mkwaju,
hadi mlangoni.

Sasa hizo meseji zilikuwa zikifikaje?

Nikaomba orodha ya walioingia.
semkiwa, 02:04.
semkiwa, 02:03.
semkiwa, 02:09.
Usiku wa Idi, semkiwa, 02:06.
Mara moja tu 03:41. Umeme, nadhani.
Kila usiku ameamka Pongwe, ameingia,
amezituma kwa mkono wake, amerudi kitandani.
Hakumwambia mtu.
Huenda aliona haya kuwa mtambo umemshinda.
Huenda aliipenda saa ile. Sijui,
na mashine haiandiki mambo hayo.

Nikaandika njia kamili. Nikakesha
na chai ya tangawizi iliyopoa zamani.
Saa nane kamili, bila mkono wa mtu,
meseji zikaanza kutoka:
Mama Zubeda wa Mikanjuni, kesho kliniki.
Mama Shukuru wa Duga, kesho kliniki, njoo na kadi.
Mia mbili na tatu.

Nilikuwa nafunga kompyuta
daftari la mlango likaongeza mstari.
02:04, semkiwa. Amekataliwa.
02:05, semkiwa. Amekataliwa.
Nikarudi nyuma kusoma: jana vivyo hivyo, na juzi,
usiku kumi na tatu mfululizo.
Akaunti yake niliifunga mimi,
jioni ile ya keki na soda na hotuba.
02:07. Amekataliwa.

Nikatafuta namba yake.
Simu haikumaliza mlio wa kwanza.
"Zimekwenda?"
Hata salamu hakutoa.

"Mia mbili na tatu," nikamjibu. "Lala sasa."

Hakukata simu. Nikasikia kitanda kikilia,
na mtu akivua miwani.