Siku Mbili za Chicago

Saa tisa za usiku hapa Kireka.
Kwao ni saa moja ya jioni, na bado ni jana.
Umeme umerudi, kompyuta imekohoa ikaamka,
nami naendelea na wikendi ya Bwana na Bibi Hollister,
watu wa mji mdogo wenye mahindi mengi kuliko majirani,
miaka thelathini ya ndoa,
wanaitaka Chicago kwa siku mbili
na isiwatoboe mfuko.

Sijawahi kufika.
Ila naujua mtaa ambao upepo hupokonya watu kofia,
naujua mgahawa unaofunga mapema Jumapili,
najua treni zao hupita juu ya vichwa vya watu
kwa kelele za mabati ya Owino mvua ya mawe ikishuka,
kwa hiyo hoteli nimeisogeza mbali, upande wa ziwa.
Ziwa lao ni kubwa, halina chumvi.
Letu pia. Hilo sikulitafuta popote.

Chumba, ghorofa ya kumi na tisa.
Bei ya usiku mmoja
ni kodi yangu ya miezi miwili na chenji ya rolex.
Nimeandika: "Bei nafuu."
Mkono haukutetemeka. Umeshazoea.

Kyomuhendo amelala, kisigino nje ya chandarua,
anabishana ndotoni na mteja wa saruji.
Mwezi uliopita aliniuliza,
"Hao watu hawawezi kwenda kutembea
mpaka aamshwe mtu wa Uganda?"
Nilicheka hadi mtoto wa jirani akalia ng'ambo ya ukuta.

Sasa hivi imeingia barua ya Bibi, peke yake:
goti. La kushoto.
Asingependa mumewe ajue
kwamba ngazi zimeanza kumshinda.

Nikasimamisha kila kitu.

Maana goti hilo nalifahamu.
Liko Kyenjojo, kwa mama yangu, Akiiki,
ambaye kutoka nyumbani hadi gulioni hupumzika mara tatu:
kwenye ukingo wa bomba la maji,
barazani pa Baguma fundi wa redio,
kisha kwenye ngazi ya kanisa,
na kila kituo hufungua leso akaifunga upya, polepole,
ili mpita njia aseme, tazama, mama anajipamba,
asiseme, tazama, mama amechoka.

Nikaifumua Jumamosi yao yote.
Nikautoa mnara. Nikayatoa madaraja.
Nikatafuta mabenchi.
Nilizivuta picha za barabara karibu, karibu zaidi,
hadi nikaona misumari ya mbao:
moja kando ya mto,
moja kivulini mwa benki,
moja mbele ya duka la maua, na hapo nikaandika,
"Bibi aketi. Bwana apige picha.
Saa nne asubuhi mwanga wa hapa ni mzuri sana."

Mwanga wa huko siujui.
Najua goti hudai dakika nane.

Muuza maziwa alikuwa anapiga honi bondeni
jibu lilipofika.
"Umewahi kuishi hapa, sivyo?"
Nikaandika ndiyo. Nikafuta.
Nikaandika, "Njia naijua."

Limebaki sanduku moja la jedwali, Jumapili alasiri.
Bosi hapendi sanduku tupu,
husema mteja hanunui hewa.
Nimeliacha tupu.

Basi la Fort Portal huondoka saa moja.
Tangu Pasaka nalipanga, tangu Pasaka naahirisha,
mara zamu, mara nauli, mara mvua,
safari ya siku mbili tu, ambayo hakuna anayenilipa kuipanga
na ambayo mabenchi yake nayajua yote matatu.

Kyomuhendo akageuka, akarudisha kisigino ndani.
"Wamefika?" akauliza, macho bado yamefumba.
"Bado," nikasema.
"Wameketi kwanza."