Vijiti vya Kuchomelea

Februari, na mlango wa jikoni nimeuacha wazi.
Nyuzi ishirini na saba saa nne asubuhi.
Nyuki wametoka mzingani, wanazunguka ua mzima
wasione ua hata moja.

Mgeni angesema: neema iliyoje!
Sisi wa huku Kansas tunanyanyua pua kama farasi.
Majira ya baridi yakivaa nguo za kiangazi
yaulize yameziazima kwa nani,
na yatazirudisha lini.

Redioni: upepo wa kusini-magharibi, kilomita sabini kwa saa,
hewa kavu kama koo la msema uongo,
na jioni, ukingo wa baridi kutoka kaskazini.
Bendera ya posta imenyooka kama ubao.
Kopo la rangi limevuka barabara
bila kutazama kulia wala kushoto.

Nyasi zilinenepa mwezi wa sita, mvua ilipotupendelea.
Sasa zimekufa wima, zinafika magotini,
rangi ya mkate uliokaribia kuungua.
Tulishukuru zilipoota.
Hatukujua tunashukuru kuni.

Tobias Regier, mkuu wa zimamoto wa kujitolea,
ambaye siku nyingine huuza mbegu na betri,
ameliegesha lori la maji likielekea barabarani.
Watu saba, mmoja ana goti bovu.
Akanipigia simu: "Verda, yule jirani yako..."
Hakumaliza. Hakukuwa na haja.

Geti la Eldon Schrag lilikatika bawaba Jumapili,
na ndama wawili wameonekana hadi makaburini.
Na Eldon ni mtu wa leo ni leo,
asemaye kesho, kwake, ni mwongo.

Nilimkuta barakoa ya chuma ameiinua kipajini,
mashine imekwisha kuanza kunguruma.
"Cheche moja tu, Eldon."
"Miaka hamsini nachomelea, sijaunguza hata soksi."
Sikubishana. Mwaka jana alimzika Lorene;
tangu hapo kitu kilichovunjika hakivumilii hata siku.
Nikaomba kahawa.
Alipoingia ndani kutafuta kikombe cha pili
(alikitafuta sana, hicho cha pili)
nikavitia vijiti vyake vyote mfukoni mwa aproni.
Mwizi wa miaka sabini na mmoja.

Tukanywa. Mabati yakapiga kelele kwa niaba yetu.

Saa kumi, moshi, ng'ambo ya mto Cimarron,
mwembamba, umelala kuelekea kaskazini-mashariki.
"Si kwetu," nikasema,
nikaona haya.
Lori la Tobias likapita na vumbi lake.

Watu wa mbali hudhani baridi ikija moto hupoa.
La. Baridi huingia kwa bega.
Upepo hugeuka ghafla, hushuka kutoka kaskazini,
na ubavu mrefu wa moto, uliokuwa ubavu tu,
unakuwa uso.
Kilomita kumi za uso.
Ndiyo maana tunaiombea ije na tunaiombea isije,
kwa pumzi moja.

Ilikuja saa kumi na mbili kasorobo.
Mbwa alijua kwanza. Mierezi ilinyamaza,
ikasimama kama iliyosahau neno,
kisha ikainamia upande mwingine.
Eldon mlangoni, kikombe mkononi,
aliuona ule mstari wa moshi ukivunjika katikati.
"Vijana wako upande gani?"
Sikujua.

Walirudi saa tisa usiku. Nikawahesabu kwenye mwanga wa lori,
saba, goti bovu likiwamo.
Nyumba mbili, za watu nisiowajua majina,
hazikuwa na mtu wa kuzihesabu.

Asubuhi, nyuzi tisa chini ya sifuri,
theluji haba, ya kufagiliwa kwa kofia.
Kizingitini mwa mzinga, nyuki wachache wamekufa,
wale walioamini.

Nikavirudisha vijiti juu ya meza yake. Akavihesabu.
"Kumi na vinne. Vilikuwa kumi na vitano."
Hakuuliza zaidi. Akanipa barakoa ya Lorene
nimshikie geti.

Cheche zikaanguka juu ya theluji,
kila moja ikajichimbia kishimo chake,
ikanyamaza.