Leo Hakuna

Januari nilianza na boksi moja la chaki
na madaftari ambayo fundi Mbeleje aliyakata katikati kwa msumeno
ili kila mtoto wa darasa la sita apate nusu.
Nusu daftari, dakika kumi, swali moja ubaoni.
Kabla ya hesabu. Kabla hata ya kuita majina.

Swali la kwanza: Umeamshwa na nini leo?
Wakanitazama kama nimewauliza bei ya treni.
Kisha kalamu zikaanza, moja, halafu moja,
kama yale matone juu ya bati
ambayo sisi wa Bahi hatuyaamini mpaka yafike kumi.

Sechelela aliamshwa na mbuzi akitafuna kandambili yake.
Mnyambwa na baba yake, akihesabu pesa za mtama gizani
kwa mara ya tatu, kana kwamba zingezaa.
Chiku hakuamshwa. Hakulala; mdogo wake alikuwa na homa.
Siku ile sikusahihisha herufi kubwa.
Kalamu nyekundu niliitia mfukoni, ikanivujia shati.

Ndahani, dawati la nyuma, aliandika: Leo hakuna.
Jumanne: Leo hakuna.
Niulize harufu, niulize vumbi, niulize mtu uliyempisha njiani,
jibu lake limenyooka kama reli ya kwenda Kigwe.
Siku kumi na tisa. Nilizihesabu.
Mwenzangu wa darasa la saba akasema, huyo ni kiburi, mnyooshe.
Nami, sitaficha, ufito nilikuwa nimeshaukata,
umelala juu ya kabati, ungali mbichi.

Usiku ule, macho mazito, kibatari kinafuka,
niliandika pembeni mwa ukurasa wake, kwa penseli:
Hakuna nini?

Asubuhi alizitumia dakika kumi zote na mapumziko.
Hakuna maji bombani toka Jumapili.
Hakuna ndama, alikufa, tulimla.
Hakuna mama, kaenda Makutupora kuvuna zabibu za watu
na hakuna siku aliyoitaja.
Hakuna anayejua kukoroga ugali wa uwele kama yeye,
bibi anakoroga lakini mkono unatetemeka.
Na chini kabisa, kalamu imeminywa mpaka karatasi imetoboka:
Hakuna nafasi.

Niligeuza. Ukurasa kweli ulikuwa umejaa.
Nikampa nusu daftari yangu.

Kwenye semina walituambia tabia hujengwa kidogo kidogo.
Walisema hivyo wakinywa soda baridi.
Mimi nimejenga tembe. Najua kuna usiku
udongo unaoshuka wenyewe, kimya,
ukiamka unakuta ukuta umerudi magotini.
Machi hatukuandika wiki nzima:
njaa ilikuwa imekaa darasani kabla yangu,
nikafuta swali, tukaenda kuchimba viazi vya bustani ya shule.
Jumatatu tukaanza tena, chini, palepale.

Mei nilichelewa.
Gurudumu la baiskeli lilipasuka kabla ya mto mkavu,
nikaisukuma mchangani saa nzima, jua likinisoma mgongo.
Kwa mbali shule ilikuwa kimya. Nikajua: wamekimbia,
wako kwenye majaruba wanawinda ndege.

Vichwa thelathini na vinne vimeinama.
Ubaoni, mwandiko wa Sechelela,
kwa kipande cha chaki kisichozidi ukucha:
MWALIMU AKICHELEWA ANAKUA WAPI?

Hakuna aliyeinua macho kunisalimia.
Niliokota kile kipande niongeze ile w iliyokosekana.
Nilikiinua, nikasoma tena, nikakirudisha.

Nikaenda nyuma. Ndahani akasogea bila kuulizwa,
akachana karatasi, taratibu, kwa mstari,
akanipa.
Nikakaa, magoti hayaingii chini ya dawati,
nikalijibu swali kama lilivyoandikwa.